Mtu asipocheka kwenye komedi yenu, msimwambie "hukuielewa"

Asalaam aleikum wanabaraza. Uzi huu nimeulalia siku nne nikitaraji hasira zitashuka. Hazikushuka. Nauweka, na wa kukereka akereke.

Jumamosi nilimchukua ami yangu kwenye usiku wa filamu, huko ng'ambo ya Nyali, juu ya dari la nyumba ya watu. Walioandaa siwataji, wanajijua. Bango walilolisambaza WhatsApp lilisema KOMEDI YA KUVUNJA MBAVU. Chini yake, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, "yenye falsafa ndani". Mimi ile ya chini sikuiona. Shilingi 500 kwa kichwa, na tuktuk kutoka Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, ni mbali na hiyo.

Ami yangu ni mtu wa sinema, lazima niwaeleze. Simaanishi mtu wa kutazama kwenye simu akiwa amelala. Namaanisha wale waliopanga foleni Regal na Naaz enzi ambazo filamu ya Kihindi ikiingia mji mzima unajua, wakitoka wanaimba nyimbo zote na maana yake hawajui hata neno. Isitoshe, ameshika ukarani Kilindini miaka thelathini na kitu, Kiingereza chake ni cha barua za meli. Hilo liwekeni akilini.

Filamu yenyewe ni I Heart Huckabees, ya mwaka 2004, ya David O. Russell. Kijana mmoja anayepigania kinamasi kisijengwe duka, na ambaye huandikia jiwe mashairi, anakutana na mtu yule yule mara tatu. Anataka kujua kama ni sadfa tu au kuna maana. Basi anakwenda kuwakodi wapelelezi, mume na mke, Dustin Hoffman na Lily Tomlin, ambao kazi yao ni kupeleleza maisha ya mtu, wamwambie yuko hapa duniani kwa nini. Wanamfuata hadi chooni. Hoffman anashika shuka jeupe, anamwambia: hili shuka ni kila kitu kilichopo, hapa ni mimi, hapa ni wewe, vyote vimeshonwa pamoja. Kisha anatokea mama wa Kifaransa, Isabelle Huppert, anayefundisha kinyume chake, kwamba hakuna kilichoshonwa na chochote na dunia ni mateso.

Na katikati ya hayo kuna wanaume wazima wawili wanaopigana usoni kwa mpira mkubwa wa watoto, ili akili zao ziache kuwaza. Ami kanigeukia. "Mwanangu, hawa wamefiwa?"

Ilipofika dakika ya ishirini dari lilishagawanyika pande mbili. Mbele, kwenye mito, wanacheka. Nyuma, kwenye viti vya plastiki, kimya cha matangani. Waliotangulia kuondoka walikwenda na kachiri zao mkononi. Sina ugomvi na anayecheka, kicheko ni riziki ya mtu. Lakini kuna kile kicheko kinachoanza kabla mzaha haujafika, halafu mwenyewe anageuza shingo kutazama nani mwingine amecheka. Kile cha kuonyesha cheti.

Sasa msinitilie maneno mdomoni. Sizichukii filamu za namna hii. Groundhog Day ya 1993 nimeitazama sijui mara ngapi: mtangazaji wa hali ya hewa, Bill Murray, anaamka kila asubuhi siku ni ile ile, tarehe 2 Februari, na filamu haikwambii mpaka mwisho kwa nini. Hapo maswali mangapi ya dini na nafsi! Na bado mtoto wa darasa la tano anacheka, kwa sababu kwanza unamcheka yule mtu anavyokanyaga dimbwi lile lile, kisha ukishalala kitandani ndipo swali linakujia. Everything Everywhere All at Once ya 2022 nililia nayo mimi na dada yangu. Mama mwenye duka la kufulia nguo, risiti zimemzonga, ofisi ya kodi inamsubiri, halafu ulimwengu unafunguka kuwa maelfu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na risiti za duka mezani saa tano ya usiku anamjua yule mama kabla falsafa haijaanza. Mna kipande pia cha mawe mawili yanayozungumza kwa maandishi, kimya kabisa (watengenezaji hawa na mawe wana nini, sijui), na mimi huyu ninayeitwa mshamba nililia kwa ajili ya jiwe.

Wale wawili walioitengeneza hiyo, Daniel Kwan na Daniel Scheinert, filamu yao ya 2016, Swiss Army Man, ilikuwa na maiti inayojamba, Daniel Radcliffe, na watu walinyanyuka na kutoka ilipoonyeshwa mara ya kwanza Sundance. Mnasikia? Huko Marekani, kwenye tamasha la wajuzi wenyewe. Miaka saba baadaye watu wale wale wakabeba Oscar saba za filamu yao nyingine, pamoja na ile ya filamu bora. Kwa hivyo kutoka ukumbini si dalili ya ujinga. Filamu hizi huwa zinampa mtu mmoja kitu na kumnyima aliyekaa kiti cha pili, na wote wawili wana akili zao timamu.

Nikirudi kwenye hii ya shuka, naona inadai ufikiri kwanza ndipo ucheke. Watu wanazungumza haraka haraka, kila mmoja na nadharia yake, hakuna anayesimama kidogo kukupa nafasi ya kucheka. Anayependa anapenda hasa kwa sababu hiyo, anajiona ameaminiwa. Asiyependa anajiona amealikwa karamuni akakuta sahani zinajadiliwa, wali haujaja. Nilisoma riwaya ya Kezilahabi, Nagona, chuoni, ile ya 1990, nusu yake ilinipita juu ya kichwa kama ndege inayotua uwanja wa Moi. Sikulalamika. Hakuna aliyeniuzia kwa jina la komedi ya kuvunja mbavu.

Haya. Filamu ikaisha, tukaambiwa kuna mjadala. Kijana mwenye maikrofoni na daftari la ngozi. Dakika arubaini za shuka. Shuka hivi, shuka vile, shuka ndiyo sisi. Ami kainua mkono, kasimama, kavua kofia. Kasema, "Wanangu, nimesikia kila neno. Nauliza tu, cha kuchekesha kilikuwa wapi?"

Yule kijana katabasamu. "Mzee, filamu hii si ya kila mtu. Labda hukuielewa."

Hapo ndipo watu wote wakacheka, mbele na nyuma. Kicheko kikubwa kuliko vyote vya usiku ule, na kilikuwa juu ya ami yangu, mwenye miaka sabini na moja. Hakuna shikamoo, hakuna "ami", hakuna "samahani mzee wangu". Ami kasema, "Ahsante, mwanangu," kakaa. Mnaowajua wazee wa Mji wa Kale mnaijua ahsante ya namna ile.

Nanyi mlioelewa, hebu niulize. Yule mtu aliyeonekana mara tatu, ambaye bila yeye filamu haianzi, ni nani? Ni kijana wa Kisudani, mkimbizi, anayelelewa na familia ya Wazungu. Aliyemwigiza, Ger Duany, ni mtu wa Sudan Kusini kweli, alishikishwa bunduki utotoni, akafika Marekani akiwa mkimbizi, hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza. Baadaye akawa balozi mwema wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kwa yule mwandika mashairi, huyu ni sadfa tu ya maisha yake, fumbo la kupelelezwa. Kuna karamu ya chakula cha jioni pale kwao ambapo yote haya yanalipuka mezani, na kwangu ndicho kipande bora cha filamu nzima. Dakika arubaini za mjadala, mjini Mombasa, hakuna aliyemtaja. Ami ndiye aliyemtaja, tukiwa tushatoka nje. "Yule mrefu ndiye mwenye swali. Wengine wale wamekosa kazi."

Hakuelewa, eti.

Tukapanda tuktuk. Darajani Nyali msongamano, hakuna kinachosogea. Mara namsikia ami anacheka peke yake, mabega yanamtetemeka. Ndani ya filamu mna zimamoto, Mark Wahlberg, aliyesusia petroli, kwa hivyo kwenye moto anakwenda kwa baskeli. Na anafika kabla ya gari la wenzake, maana gari limekwama kwenye foleni. "Yule wa baskeli," ami kasema, "saa hii angekuwa ashafika Kibokoni, ashakunywa na kahawa."

Jumatatu nimepita barazani nikamkuta anaisimulia filamu yote. Shuka amelitoa, hakulitaja kabisa. Yule mama wa Kifaransa amemfanya mjane wa Makadara. Moto unawaka Marikiti, gari la zimamoto limekwama Digo Road nyuma ya mikokoteni, na mtu wa baskeli anapita akipiga kengele. Wazee walikuwa hoi, mmoja amemwaga kahawa. Alipowaambia kuwa mtu huyo huwa anajipiga mpira usoni ili asiwaze, mzee mwingine kauliza, "Unauzwa wapi?" Hapo nami nikacheka mpaka nikashika ukuta, na hasira zikanipanda upya hapo hapo. Ilikuwa kama wanamsikiliza Abunuwasi na ile sufuria yake iliyozaa kisha ikafa: kwanza unacheka, kisha njiani kwenda nyumbani unajiuliza mwenye sufuria alikubali nini alipokubali kwamba imezaa.

Kwa hivyo kijana wa maikrofoni, kama umo humu: ilikuwapo komedi. Mia tano zangu sizitaki. Nataka uje Kibokoni umwombe ami radhi, tena uje baada ya alasiri ukae na umsikilize anavyoisimulia.

Na bango lenu la Jumamosi ijayo nimeliona. Safari hii mmeandika "komedi tulivu". Nimemwambia ami mimi siendi tena. Kaniambia, "Wewe nani kakuuliza? Tiketi bado ni mia tano?"