Nataka kutoka wodi ya wazazi niingie utafiti wa afya ya uzazi, nianzie wapi?

Nesi_KandaYaZiwa
Wakuu habari za jioni. Mimi ni nesi mwenye digrii, mwaka wa sita huu niko wodi ya wazazi. Wanaoniumiza ni mabinti wa miaka 16, 17 wanaokuja kujifungua, ukimuuliza kwani hukujua kuhusu kijiti au sindano ya kuzuia mimba anakwambia nilijua dada, ila anayetoa pale kituoni anasali na mama yangu. Sasa hapo utasema shida ni elimu? Nataka nilichimbe hili jambo kitaalamu. Nianze na masters ya afya ya jamii pale MUHAS, chuo cha afya Muhimbili, au nitafute kwanza mradi? Nina watoto wawili.

Mdodosaji
Dada anza na udodosaji, yaani kuuliza watu maswali ya utafiti majumbani, hata wa wiki mbili, utajua kama unaiweza. Mimi nilifika nyumba moja kuuliza uzazi wa mpango, mama mkwe kakaa palepale anachambua mchele, mke akajibu hatumii chochote. Nikafunga dodoso nikaanza kuulizia bei ya dagaa mpaka bibi akaenda kisimani, ndo yule mama akaninong'oneza anachoma sindano mwaka wa pili mume hajui. Pia lugha, dodoso limeandikwa "kujamiiana" mtu anakukodolea macho, sema "kukutana na mwanaume" anakuelewa. Na akikwambia mimba "ilitoka" usikimbilie kuandika, kwa wengine ilitoka na kutolewa ni neno moja. Wewe wodini hayo unayo tayari, wenye vyeti vikubwa wengi hawana.

Mzee_wa_Data
Naunga mkono, tena uko kwenyewe. Mwaka 1991 mpaka 1994 jamii 12 za vijijini Mwanza ndo zilionyesha dunia kwamba ukitibu magonjwa ya zinaa vizuri kwenye vituo vya kawaida maambukizi mapya ya VVU yanapungua, walipata kama 40%. Na waliotibu walikuwa wahudumu wa zahanati wa kawaida tu waliopewa mafunzo na dawa zisizokatika.

Mama_Wawili
Mdogo wangu nikwambie la pesa maana hawa wanaume wamelipita. Mikataba ni ya mradi, mwaka mmoja, miwili, basi. Januari 2025 hela za Marekani ziliposimamishwa watu niliofanya nao kazi miaka walirudi nyumbani ndani ya wiki. Usiache ajira, omba ruhusa ya masomo usome ukiwa bado mtumishi.

Nesi_KandaYaZiwa
Asanteni sana, dada nimekuelewa, barua naandika wiki hii. Ila hao mabinti chini ya 18, naweza kuwahoji?

Mzee_wa_Data
Mpaka kibali cha maadili ya utafiti kitoke, kwa kawaida mzazi aridhie na binti mwenyewe akubali. Kwa mada yako hapo kwa mzazi ndo pagumu, maana mama ndo huyo anayefichwa, kwa hiyo proposo yako ianze kulijibu hilo.