Mdogo wangu ameuziwa "Château Margaux" ambayo si Château Margaux, tena imeharibiwa na joto

Wakuu, nina hasira na nitaandika nikiwa nazo hivyohivyo.

Mwezi uliopita wazazi wetu walitimiza miaka 40 ya ndoa. Mdogo wangu wa kike, ambaye pombe haonji kabisa, alijibana miezi mitatu anunue chupa moja ya heshima, maana baba amekuwa akilitaja jina la Château Margaux, mvinyo maarufu wa Ufaransa, tangu tukiwa wadogo. Akaenda duka moja la vinywaji hapa Dar, la vioo, la kupendeza. Kibao cha bei kimeandikwa "Château Margaux". Akatoa laki sita na nusu, akapewa risiti yenye jina hilohilo.

Mimi nahudumia mvinyo hotelini, huu mwaka wa 11. Nilipoishika tu ile chupa nikajua tumepigwa. Neno Margaux lipo chini, kwa herufi ndogo: Appellation Margaux Contrôlée, yaani mvinyo wa eneo la Margaux. Juu yake kuna jina la château (shamba la mvinyo) nyingine kabisa, ambayo siitaji kwa sababu wakulima wake hawajamkosea mtu.

Margaux ni eneo. Linashika vijiji vya Margaux, Cantenac, Soussans, Labarde na Arsac huko Médoc, kaskazini mwa jiji la Bordeaux, na mashamba mengi yana haki ya kuandika jina hilo. Château Margaux ni shamba moja kati ya hayo, na ni moja ya mashamba manne ya Bordeaux yaliyopewa daraja la kwanza mwaka 1855, pamoja na Lafite, Latour na Haut-Brion. Mouton Rothschild ilipandishwa daraja hilo 1973, basi. Lebo ya Château Margaux ina picha ya jumba lenye nguzo na maneno Premier Grand Cru Classé, yaani hilo daraja la kwanza. Hata hukohuko Ufaransa chupa yake ni mamia ya euro.

Nikarudi dukani. Msimamizi ananiambia, "Kaka, Margaux ni Margaux." Halafu ananionyesha kwa kidole maneno "Grand Vin de Bordeaux" (mvinyo mkuu wa Bordeaux) kwenye lebo, eti huo ndio ushahidi. Maneno hayo si daraja! Chupa za bei ya chini kabisa zinayo. Pembeni kuna mvinyo wa Gevrey-Chambertin, nao umebandikwa kibao cha "Chambertin Grand Cru". Gevrey ni kijiji cha Bourgogne, eneo jingine la mvinyo Ufaransa, kilichojiongezea jina la shamba lake maarufu mwaka 1847. Mvinyo wa kijiji na mvinyo wa Chambertin yenyewe ni vitu viwili, na bei zake haziko hata karibu. Huyu anajua anachofanya.

Na bado sijafika kwenye mvinyo wenyewe. Nilipokata foili nilikuta kizibo kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, na ubavuni kina mchirizi mwekundu kutoka chini mpaka juu. Hiyo ni kazi ya joto: mvinyo unatanuka, unasukuma kizibo, unavuja, hewa inaingia. Ulinuka zabibu kavu zilizochemshwa na sukari. Pale dukani chupa zimesimamishwa wima dirishani, jua la saa tisa linazipiga, na mlinzi aliniambia kiyoyozi huzimwa wakifunga. Mvinyo wa namna hii unatakiwa ulazwe, penye giza, nyuzi 12 mpaka 14 hivi.

Baba alikunywa glasi nzima. Alisema ni mzuri sana, akamshika binti yake mkono. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, nilimwona anavyoumeza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko laki sita na nusu.

Msimamizi amesema chupa ikishafunguliwa hairudi. Sasa ningejuaje kizibo kimevuja bila kukata foili? Na jina la uongo kwenye risiti, hilo nalo lilihitaji kizibuo?

Nataka hela ya mdogo wangu irudi yote na vibao vile vitolewe. Chupa ninayo, risiti ninayo, kizibo nimekifunga kwenye mfuko. Kuna mtu humu amewahi kupeleka lalamiko la namna hii Tume ya Ushindani? Naomba aniambie alianzia dirisha gani na alibeba nini, Jumatatu asubuhi nakwenda.