Mafundi wa Mtwara, ufunguo ukigoma kutoka kwenye swichi ya kuwashia lazima mvunje?

Wakuu salaam. Nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaki mtu aje kuniambia nitulie.

Gari langu ni Toyota ndogo ya otomatiki, hizi hizi zilizojaa mjini. Nimepaki Chuno, nimeweka P (gia ya kuegesha), nimezima, ufunguo ukarudi mpaka ACC, ile hatua ya redio, ukagoma hapo hapo. Hauendi LOCK, pale unapochomolewa, hautoki. Injini imezima ila redio bado inapata umeme, maana yake ukilala nalo hivyo asubuhi betri huna. Nikalipeleka gereji moja hapa hapa mjini, jina nalihifadhi.

Fundi hakukaa hata kwenye kiti cha dereva. Alipitisha mkono dirishani, akatikisa ufunguo, akatoa hukumu: "Dada, swichi imekufa hii, ni ya kung'oa." Hakuuliza gia iko wapi. Hakuuliza tatizo limeanza lini. Akamimina oili chafu kwenye tundu la ufunguo, ilipokataa akashika plaizi, plaizi iliposhindwa akaita nyundo na bisibisi. Nikamwambia ngoja kwanza, tuangalie gia. Akamgeukia kijana wake: "Leo mwenye gari ndiye fundi." Ningekuwa mwanaume nimeshuka kwenye fuso la korosho angenijibu hivyo? Thubutu.

Sasa sikilizeni, maana hili si siri ya kiwandani. Otomatiki nyingi zimetengenezwa makusudi ufunguo usitoke mpaka gia iwe P, ili mtu asishuke akaliacha gari kwenye N (gia huru) likajiondokea. Kwenye gari kama langu, chini ya mkono wa gia kuna kiswichi kidogo kinachoshtuka gia ikifika P. Kikiganda au kikichoka, kizuizi cha ufunguo kinajua bado hujafika P, hata kama dashibodi inakuonyesha P, kwa sababu taa ile ya dashibodi inapata habari zake kwenye gia boksi, njia tofauti kabisa. Kupima hakuhitaji kifaa chochote. Rudisha ufunguo ON bila kuwasha injini, kanyaga breki, peleka gia N, irudishe P kwa kuisukuma mpaka mwisho, uishikilie hapo huku unasukuma ufunguo ndani kidogo na kuuzungusha kwenda LOCK. Ukitoka, ugonjwa uko kwenye mkono wa gia, swichi haina kosa.

Na kama ufunguo hauzunguki kabisa kwenye LOCK, shika usukani uuchezeshe kushoto na kulia huku unauzungusha taratibu. Mara nyingi ni loki ya usukani imebanwa, hasa tairi likiwa limeegemea ukingo wa barabara. Na oili, jamani! Oili inanasa vumbi, na vumbi la huku tunalijua. Tundu la ufunguo linatakiwa kilainishi kikavu, unga wa grafaiti. Hata unga wa ncha ya penseli ni afadhali kuliko ile chupa yake.

Turudi kwa bwana mkubwa. Kavunja silinda ya ufunguo, kaagiza swichi ya mtumba Dar, ikaja kwa basi, mimi ndiye nimelipia spea, nauli ya mzigo na ufundi. Kafunga, gari likawaka, kapokea hela. Nimefika nyumbani, nazima, ufunguo mpya UMEGOMA PALE PALE. ACC.

Nilicheka mwenyewe kama chizi.

Aliyenisaidia ni fundi umeme wa Lindi aliyekuwa Mtwara kwa shughuli zake. Hakugusa swichi. Alifungua kava la gia, akachungulia, akauliza nani kamwaga kitu humu. Shemeji yangu! Msimu huu wa mabibo alibeba juisi kwenye gari, ikamwagika, akafuta juu juu na kunyamaza. Sukari ikaingia chini, ikakauka, kile kiswichi kikaganda kama kimepakwa gundi. Kakisafisha, kakikausha, kinalia "tik", ufunguo unatoka. Kazi nzima haikuzidi muda wa kunywa chai.

Sasa nimebaki na gari la funguo mbili, mmoja wa milango na mwingine wa kuwashia. Na hili ndilo linaloniuma zaidi: yule fundi wa kwanza alivunja kichwa cha ufunguo wangu wa zamani, akatoa chipu ya kuzuia wizi, akaibandika kwa utepe karibu na ile pete inayoisoma pale kwenye swichi, ndani kwa ndani. Gari linawaka, sawa. Ila ulinzi wote umekwisha, mtu yeyote mwenye ufunguo uliochongwa kufanana na huu analiwasha na kuondoka. Nilipomuuliza akasema, "Si linawaka lakini?"

Nimemwendea anirudishie angalau hela ya ufundi, anasema kazi aliyopewa ni swichi na swichi kafunga.

Wadau wa Mtwara, Masasi na Lindi, nani anamfahamu fundi wa funguo anayeweza kunisajilia chipu mpya kwenye gari bila kunipeleka Dar? Njoo PM. Na wewe fundi, najua humu unaingia: kava la chini ya usukani wangu liko gerejini kwako pamoja na skrubu zake. Nalifuata Jumatatu asubuhi, na safari hii nakuja na shemeji, maana na yeye ana maswali ya kujibu.