Nimeagiza vitufe vya kubonyeza na kuachia, nimeletewa vinavyonasa. Mota mbili za pointi zimeungua, muuzaji anasema "si midoli tu hiyo?"

Wakuu, leo siku ya tatu nimebeba hasira kifuani, bora niitoe hapa.

Niko Dodoma, Chang'ombe. Ni fundi redio, na huu mwaka wa pili najenga reli ya mfano juu ya meza ya plaiwudi kwenye chumba cha uani. Ina pointi nane. Kwa wasiojua, pointi ni pale reli inapogawanyika na ulimi wa chuma unaielekeza treni huku au kule. Chini ya kila pointi nimefunga mota ya koili mbili, moja inavuta ulimi kushoto, nyingine kulia. Mota hizo hapa nchini sijaziona dukani. Binamu yangu alinibebea kutoka Uingereza, na nimezilipia kwa kudunduliza.

Kilichobaki kilikuwa ubao wa swichi. Nimeukata mwenyewe kwenye bati la alumini, nikachora ramani ya njia kwa rangi, nikatoboa matundu 16, mawili kila pointi, kila tundu mahali pake kwenye mchoro ili mtu akitazama ubao aone treni itapita wapi. Wiki tatu za jioni. Waya wa kurudi ni mmoja kwa mota zote, na kila kitufe kina waya wake na namba yake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ugomvi wote uko hapa. Koili ya pointi haitaki umeme wa kukaa. Inataka mshtuko mmoja tu, chini ya sekunde, ulimi uruke, umeme ukatike. Koili yangu ina omu 4 hivi. Ipe volti 16 za transfoma, inakula ampia 4, zaidi ya wati 60 kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba. Sekunde chache varnishi ya waya inayeyuka, koili imekufa. Ndiyo maana kitufe lazima kiwe cha kubonyeza na kuachia, chenye springi ya kukirudisha. Kipo kingine, ukikibonyeza kinanasa mpaka ukibonyeze tena. Kwa nje ni pacha. Kilichonasa kinabaki chini kidogo sana, kwa taa ya usiku huoni.

Nilimwandikia muuzaji wa Kariakoo maneno hayo hayo, kwa Kiswahili, nikamtumia na picha: vitufe 16 vya kuachia, vinavyonasa sitaki. Akajibu "sawa fundi, nimekuelewa". Nikaagiza pia kapasita mbili, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, za maikrofaradi 4,700 na roli ya waya wa shaba. Nikatuma hela kwa simu, mzigo ukaja kwa basi, nikaupokea stendi ya Nanenane. Risiti ya EFD hakuna, kikaratasi cha mkono tu.

Kapasita ndizo nilizozipima kwanza. Ubavuni zimeandikwa 4,700. Moja ilisoma 1,900, nyingine 1,750. Mpango ulikuwa zijazwe umeme polepole kupitia rezista, kitufe kikibonyezwa zimwage wote kwa mkupuo kwenye koili. Uzuri wa saketi hiyo ni kwamba hata kitufe kikigoma kuachia, kinachoendelea kupita ni umeme mdogo wa kwenye rezista tu na koili inapona. Kwa kapasita zile ulimi unafika nusu njia na kusimama. Nikaziweka pembeni, nikamwandikia muuzaji. Akasema nisubiri.

Huku nasubiri, Jumamosi nikataka kujaribu pointi moja moja kwa umeme wa transfoma moja kwa moja, bonyeza, achia. Kabla ya kufunga vitufe nilipima vinne vya juu kwenye pakiti. Vyote vizuri. Nikafunga vyote 16. Pointi ya kwanza na ya pili zikaitika vizuri kabisa. Ya tatu nikabonyeza, ikalia "ta", nikainama upande wa pili wa meza kuangalia kama ulimi umelala, yaani umeegemea reli sawasawa. Nikasikia harufu. Kufika kwenye transfoma, moshi.

Nikadhani mota ndiyo mbovu. Nikafunga ya akiba. Nayo ikaungua.

Ndipo nikavifungua vitufe vyote kwenye ubao na kupima kimoja kimoja. Vitano vya kuachia, 11 vinanasa. Na vile vizuri vilikuwa vimepangwa juu ya pakiti! Mnaniambia hiyo ni bahati mbaya? Huyo alijua. Vilimwishia, akajazia vilivyokuwepo, akapanga juu vile fundi atakavyovishika kwanza.

Nikakagua na waya. Kwaruza kwa wembe, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba! Ukiukunja mara mbili tatu unakatika, na kuulehemu ni taabu. Nilikuwa nimeshalaza mita 30 chini ya meza.

Nikampigia. Nimeeleza kwa adabu, nimemtumia video. Majibu yake: "Bidhaa ikishauzwa hairudi, halafu kaka, si midoli tu hiyo? Ungekuwa mgodi ningekuelewa." Akakata.

Midoli. Reli zangu zina upana wa milimita 16.5 kwa kipimo cha 1 kwa 87. Zidisha. Unapata 1,435, ndio upana wa SGR, reli ya kisasa inayopita hapa Dodoma. Hakuna kilichokisiwa kwenye meza ile. Marehemu baba yangu alikuwa pointimani kwenye reli ya kati, ile yenye upana wa mita moja iliyofika Dodoma mwaka 1910 wakati wa Wajerumani. Usiku alikuwa anatoka na taa mkononi, anavuta mkono wa pointi, halafu anainama kuhakikisha ulimi umelala kabisa, maana ulimi usiolala unaangusha treni. Ubao ule naujenga na vijana watatu wa mtaani wanaojifunza umeme kwangu kila Jumamosi. Walikuwepo moshi ulipotoka. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, tumekosea wapi?" Nilikosa la kumjibu, maana hatukukosea!

Najua kuna watakaosema ningepima vyote 16. Sawa, sasa napima. Lakini tangu lini mnunuzi akawa mkaguzi wa muuzaji? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo. Maelezo yangu yako kwenye simu yake kwa maandishi. Kapasita na waya nitazipeleka Tume ya Ushindani, hizo ni bandia waziwazi. Duka silitaji hapa, nataka kwanza malalamiko yapokelewe.

NYONGEZA: Mdau kauliza kitufe kinapimwaje. Weka mita kwenye mlio, bonyeza, achia. Ikiendelea kulia, kinanasa. Mwingine kashauri nitoe kile kiwaya cha ndani kinachoshika. Kwenye swichi ndogo za mraba inawezekana, nimeshafanya sana. Hivi vya duara nimejaribu kimoja, plastiki imepasuka. Kwa hiyo mwenye duka analoliamini hapa Dodoma aniandikie. Nahitaji vitufe 11 vya kuachia, kapasita mbili zinazosoma 4,700 kweli, na mita 30 za waya wa shaba halisi. Nitakuja na mita yangu na nitapima mbele yako kabla ya kulipa.