Kwa nini bakteria wangu wakikaa baridini wanageuka rangi ya machungwa?

mpanda_sahani
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa mawazo. Kuna bakteria niliwatoa kwenye udongo nikawapanda kwenye sahani za agari (ute mgumu wenye chakula cha kuoteshea bakteria), seti moja nikaweka inkyubeta (kabati la joto) nyuzi 30, nyingine nikaitupia friji nyuzi 4. Za joto zilijaa ndani ya siku mbili, koloni (vidoti vya bakteria waliozaliana) nyeupe zilizofifia tu, hazina mvuto. Za friji nilishazisahau kabisa, wiki tatu baadaye nafungua nakuta vidoti vidogo vinang'aa, rangi ya machungwa imekolea mpaka ukichota na kitanzi inabaki kwenye waya. Na sio kwamba kuna uchafu uliingia, nimewarudisha kwenye joto wakazaa weupe tena, yaani ni walewale. Sasa hiyo rangi inawasaidia nini kwenye baridi? Mwenzangu wa maabara anasema inavuta joto kama nguo nyeusi juani, lakini ndani ya friji ni giza jamani, joto litoke wapi?

boriti_ya_seli
Mkuu hiyo ya kuvuta joto kwa bakteria mmoja haiwezekani. Huyu mdudu ana urefu wa maikromita moja au mbili, hata akinyonya mwanga, joto linamtoka papo hapo linaishia kwenye kilichomzunguka. Wakiwa umati ni habari nyingine, kule Greenland juu ya barafu kuna matope meusi yamejaa sayanobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua), yakipigwa na jua yanayeyusha barafu na kuchimba vishimo ambavyo wanaishi humohumo. Ila friji yako haina jua.

Angalia utando wa seli. Utando ni mafuta, na mafuta yakipata baridi yanaanza kuganda, sasa zile protini zilizochomekwa mle zinazopitisha chakula na kutoa taka zinakwama. Kwa hiyo bakteria anabadilisha mafuta yenyewe, anaweka asidi za mafuta zenye kona au zenye matawi ili zisilaliane vizuri, na zisipolaliana hazigandi haraka. Shida ni kwamba ukilegeza sana utando unavuja. Hapo ndo karotinoidi (jamii ya rangi kama ile ya karoti, na hiyo yako nina uhakika mkubwa ni mojawapo) inapopata kazi. Ni molekuli ndefu, imenyooka, haipindi kirahisi, nyingi zina kaboni 40, na zile zenye ncha zinazopenda maji kila upande zinasimama kukatiza utando kutoka ukuta huu mpaka ule, kama boriti kwenye dari. Mafuta yanabaki yamelegea lakini nyumba haibomoki. Kuna Micrococcus roseus aliyetolewa Antaktika, akikuzwa nyuzi 5 anaongeza sana hizo zenye ncha za kupenda maji na kupunguza zisizokuwa nazo, ukimpandisha nyuzi 25 mambo yanageuka.

mdau_wa_utando
Naongezea kwa boriti, umeeleza vizuri ila watu wasije wakaondoka wanadhani rangi kazi yake ni kukaza tu. Kuna utafiti wa 2020 juu ya Staphylococcus xylosus, nyuzi 30 hakuonekana na karotinoidi hata kidogo, nyuzi 10 akawa nazo tele, sawasawa na kisa chako mpanda_sahani. Walipopima utando wakakuta umejipanga zaidi NA wakati huohuo umekuwa laini zaidi, vitu ambavyo mtu angetegemea vipingane. Wakazuia asiweze kutengeneza rangi na yale mabadiliko yakapotea. Kwangu hiyo ndo hoja nzito kuliko zote, maana kuona rangi na baridi vinatembea pamoja peke yake hakuthibitishi kitu, lazima uitoe rangi uone nini kinaharibika. Wenye rangi nyingi pia walistahimili zaidi kugandishwa na kuyeyushwa.

nuru_na_oksijeni
Jamani mbona mnaiacha oksijeni? Maji ya nyuzi 0 yanabeba kama miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 kama 7.6, yaani karibu mara mbili. Halafu baridini vimeng'enya vinaenda taratibu kwa hiyo zile oksijeni kali zinazochoma mafuta na DNA zinajikusanya. Karotinoidi ina mnyororo wa vifungo maradufu vinavyopokezana na vifungo vya kawaida, inapokea nguvu ya oksijeni iliyochangamka, mojawapo ya hizo kali, inaigeuza kuwa joto kidogo tu na yenyewe inabaki nzima, molekuli moja inarudia hivyo mara nyingi sana kabla haijaharibika. Na wanaoishi juu ya theluji ndo wanaihitaji zaidi, wanapigwa na jua kutoka juu na mwanga unaorudishwa na theluji. Ila tusichanganye, karotinoidi yenyewe inanyonya zaidi mwanga wa bluu, sio kinga nzuri ya miale ya urujuanimno, kazi hiyo sayanobakteria wanaipa skaitonemini, rangi ya kahawia inayokaa kwenye ala inayowafunika, nje ya seli.

mpanda_sahani
Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Ila nuru_na_oksijeni, kama ni mwanga mbona wangu walikuwa gizani?

nuru_na_oksijeni
Oksijeni ipo hata gizani ndugu, taka za upumuaji wa seli zenyewe zinatosha kuleta hayo madhara. Lakini usiamini maneno yangu, pima. Sahani mbili hapohapo nyuzi 4, moja ifunge foili nyingine iwashie taa.

boriti_ya_seli
Na usisahau wapo kibao wasio na rangi kabisa wanaishi baridini vizuri tu, wanategemea kubadilisha mafuta ya utando na protini maalum za kuhimili baridi, kwa hiyo rangi ni njia mojawapo, sio sharti. Kuhakikisha ni karotinoidi chota seli kwenye sahani, weka methanoli (aina ya alkoholi), pasha moto kidogo ukiwa umekinga mwanga. Seli zitabaki nyeupe na rangi yote itahamia kwenye methanoli, ukiipima inavyonyonya mwanga utaona vilima kwenye grafu kati ya nanomita 400 na 500.

mpanda_sahani
Nimerudi, wiki nne zimepita. Methanoli imekuwa ya njano na seli chini nyeupe kabisa, vilima vitatu, cha kati kama 450. Na ile sahani ya foili nimeifungua asubuhi hii, rangi ya machungwa ileile, sioni tofauti na iliyokuwa kwenye taa. Kesho naanza kutafuta namna ya kuwazuia wasitengeneze rangi nione kama watakua baridini.