Kiboksi cha kugawa laini hakisikii namba, msaada

Mdau_Mwanjelwa: Wakuu habari, niko Mbeya, ofisini tuna laini moja ya mezani, simu na faksi humohumo, tumefunga kiboksi cha kugawa laini, kile kinachopeleka simu inayoingia kwenye simu au kwenye faksi, ila nikibonyeza nyota na namba za kuprogramu kimya kabisa

Fundi wa Uyole: Mkuu cheki chini ya simu kuna swichi ya T (toni) na P (mapigo), weka T. Ikiwa P inatuma mapigo tu na hicho kiboksi kinataka toni, kila kitufe ni toni mbili kwa pamoja, mfano 5 ni hezi 770 na 1336

Mkwawa_Iringa: Na simu ichomeke kwenye kiboksi chenyewe sio ukutani, halafu bonyeza kwa kutulia maana toni fupi sana haisomeki. Faksi inayopiga huwa inatoa mlio wa hezi 1100, kiboksi kinautambua chenyewe