Mawe ya zeolaiti, shanga za kiwandani au silika jeli: kipi kinakausha mbegu huku Pwani?

MkulimaMuheza
Habarini wadau. Nahifadhi mbegu za bamia, mchicha na ngogwe hapa Muheza. Naanika kivulini, nafunga chupani, lakini baada ya miezi sita zinaota chache mno. Hewa ya huku ina unyevu saa zote. Mbegu inanyonya maji tena hata kabla sijafunga kifuniko. Nimeambiwa niweke kitu cha kunyonya unyevu humo ndani: silika jeli (vile vipunje vya kwenye vipakiti ndani ya maboksi ya viatu), shanga za zeolaiti za kiwandani, au mawe asilia ya zeolaiti, haya wanayouziwa wafugaji wa samaki. Mawe ndiyo rahisi kwa bei, nikanunua kilo tano. Nimeweka nusu kilo kwenye ndoo ya mbegu wiki nzima, hakuna badiliko lolote. Je, nimeuziwa changarawe?

Dada_Maabara
Pole ndugu. Huenda mawe ni yenyewe kabisa, ila yamekuja yameshiba. Zeolaiti ina vitundu vidogo kuliko jicho linavyoweza kufikiria, na mpaka mfuko unafika dukani vitundu hivyo vimejaa maji ya hewani. Hata jina lilitoka huko: mwaka 1756 Msweden Axel Fredrik Cronstedt aliunguza madini ya aina hii, akaona yanatoa mvuke kama yanachemka, akayaita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka. Kwa hiyo kuyapasha moto yatoe maji ndiyo kazi ya kwanza.

Fanya hivi. Chekecha utoe vumbi, suuza, anika. Pima gramu 500. Tandaza kwenye sinia la chuma, tabaka jembamba. Oveni nyuzi 110 kwa saa moja, ndipo upandishe hadi 250 kwa saa tatu. Usianze na moto mkali, maji yakitoka kwa ghafla yanapasua punje. Kisha pima tena. Uzito usipopungua, hapo ndipo umeuziwa changarawe.

Fundi_Tanuri
Naongezea kwenye kupoza, maana hapo ndipo wengi wanaharibu kazi nzima. Ukiyaacha mezani yapoe yanakunywa hewa ya Muheza upya, na unarudi ulipoanza. Yatie yangali moto kwenye kopo la chuma lenye mfuniko wa kubana, yapoe humo. Usitumie chupa ya kioo, itapasuka. Na yasiguse mbegu mpaka yapoe kabisa.

Kuhusu ulinganisho: silika jeli inahuishwa, yaani inatolewa maji itumike tena, kwa nyuzi 120 tu, na hewa ikiwa na unyevu mwingi inabeba zaidi ya asilimia 30 ya uzito wake. Nzuri sana mwanzoni. Ila hewa ya chupani ikishaanza kukauka, nguvu yake inashuka sana. Zeolaiti hata unyevu wa hewa ukiwa asilimia 10 bado inashika maji kwa nguvu, na mbegu inapokaribia kukauka ndipo unapoihitaji hiyo. Gharama yake ni kuhitaji moto mwingi: jua halitoshi, na jiko la mkaa joto halilingani, mawe ya pembeni yanabaki na maji. Oveni ya umeme ni bora kuliko ya gesi, kwa sababu gesi ikiungua inatoa mvuke.

MwalimuKemia
Shanga za kiwandani zina faida ya kupimika. Aina ya 3A ina milango ya takriban nanomita 0.3: molekuli ya maji inapita, kubwa zaidi zinabaki nje. Ndiyo wanayoweka kati ya vioo viwili vya madirisha ya nchi za baridi. Mawe asilia, mara nyingi klinoptilolaiti, yana mchanganyiko wa potasiamu, kalsiamu na sodiamu, na potasiamu ni kubwa, inakula nafasi. Unaweza kuyaloweka kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa lita, yakiwa ya moto, siku nzima, mara mbili au tatu, ili sodiamu ya chumvi ichukue nafasi ya sehemu ya potasiamu hiyo, kisha kusuuza sana.

Dada_Maabara
Mwalimu, kwa maabara sawa. Kwa mkulima mwenye kilo tano, ningeacha chumvi nikaongeza jiwe. Anachopata hakilipi maji na kuni.

MwalimuKemia
Kwa kilo tano nakubali. Lakini jambo moja siachi: msiokote mawe wenyewe na kuyatwanga. Zeolaiti hutokana na majivu ya volkano yaliyokaa kwenye maji ya magadi, ndiyo maana zipo Olduvai na kando ya Ziwa Magadi. Kati ya ndugu zake yupo erionaiti, nyuzinyuzi zinazoleta saratani ya utando wa mapafu. Huko Kapadokia, Uturuki, vijiji vizima vimeumia. Nunua yenye jina la madini kwenye mfuko, chekecha yakiwa na maji, vaa barakoa.

MkulimaMuheza
Asanteni sana. Nimefanya: gramu 500 zimekuwa 446. Nimedondoshea maji punje chache kiganjani, zikapata joto kama zimetoka juani!

Mama_Mbegu
Hongera mwanangu, hayo ni mawe kweli. Sasa hesabu. Kilo moja ya bamia yenye unyevu wa asilimia 12 ina gramu 120 za maji. Kuifikisha asilimia 6 lazima itoe gramu 64 hivi, ibaki na uzito wa 936. Mawe yako yalitoa 54 kwa 446, yaani kama asilimia 12, kwa hiyo kwa hesabu yanatosha gramu 530. Wewe weka kilo nzima ya mawe, maana ndani ya hewa kavu hayatabeba kiwango chote hicho. Shanga za kiwandani zinazobeba asilimia 20 ya uzito wake zingetosha gramu 320. Tia mawe kwenye mfuko wa chandarua, yasichanganyike na mbegu, na pima mbegu kila siku. Kunde na maharage usizikaushe kupita kiasi, ganda hukaza likakataa maji.

MkulimaMuheza
Shikamoo mama, nimekuelewa. Unyevu wa mwanzo sijaupima, basi usiku huu nasaga gramu chache za bamia zilale oveni nyuzi 103, nizipime kabla na baada. Mawe yako kwenye kopo la maziwa, mfuniko nimeuzungushia utepe.

Mama_Mbegu
Marahaba. Andika tarehe kwenye kopo.